Jicho Langu Lilichanika Kila Nilipoamka

Sikupigwa na mtu. Sikuanguka. Sikuguswa na kitu chochote. Nilifumbua macho tu, na jicho la kulia likachanika.

Umesoma sawasawa. Likachanika.

Ilikuwa saa kumi alfajiri, mwezi wa pili. Saa ililia, nikafumbua macho kama nilivyofumbua kwa miaka arobaini na tatu, nikahisi kama mtu amebandua plasta iliyokuwa imegandishwa juu ya mboni yangu.

Nikapiga kelele. Halafu nikajiziba mdomo kwa mto, maana baba yangu anaishi upande wa pili wa ukuta, na kwetu watu hawapigi kelele.

Naitwa Solvej. Naendesha lori la maziwa huku magharibi mwa rasi ya Jutland, kwenye upepo. Kila alfajiri napita mashamba kumi na moja, naunganisha mpira kwenye tangi la mkulima, navuta maziwa, naondoka. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Naipenda kuliko wanaume wawili niliowahi kuishi nao, na wote wawili niliwaambia hivyo hivyo.

Asubuhi ile nilipapasa ukuta mpaka bafuni. Nilipowasha taa, mwanga ukanichoma, nikaizima. Machozi yalikuwa yanamwagika yenyewe. Suruali nilivaa nyuma mbele, nikagundua saa mbili baadaye.

Kuendesha lori zima na jicho moja ni kutafuta kesi. Nikampigia Egon, bosi wangu, nikamwambia nitachelewa. Akadhani natania. Miaka kumi na tisa sikuwahi kuchelewa hata dakika tano.

Ilipofika saa tatu, maumivu yakaisha. Yaani yakaisha kabisa. Nikajitazama kwenye kioo: wekundu kidogo pembeni, basi.

Baba alipokuja kunywa kahawa nikamwambia jicho limeniuma vibaya. Jina lake Thorvald, ana miaka sabini na sita, mkulima mstaafu. Aliendelea kupaka siagi kwenye mkate wake mweusi.

"Si unayo mawili?" akasema.

Hiyo ndiyo pole ya kwetu.

Chanzo nilidhani nakijua. Mkesha wa Krismasi nyumbani kwa dada yangu tulishikana mikono tukauzunguka mti tukiimba, kama kila nyumba, halafu tukakimbia mnyororo mmoja kutoka sebuleni mpaka jikoni na kurudi. Shemeji yangu alikuwa ameshaonja pombe ya kutosha. Alinivuta kwenye kona kwa nguvu zote, tawi la mti likanichapa jichoni.

Liliuma siku tatu likapona. Nikasahau kabisa, mpaka ile alfajiri ya mwezi wa pili.

Baada ya hapo halikuacha tena.

Mara wiki tatu kimya, mara siku mbili mfululizo. Daima wakati wa kuamka. Jicho lilikuwa likinidanganya limepona, nikajiamini, na asubuhi ninayojiamini ndiyo anayonibandulia plasta tena, huyo mtu asiyeonekana.

Nikaanza kuogopa kulala. Mtu mzima, mwenye lori, anaogopa kitanda chake mwenyewe.

Nikaenda kwa daktari wa kijijini. Ni mtu mpole, hana neno. Ila miadi yake ilikuwa saa nane mchana, na kidonda cha aina hii mara nyingi hujifunga ndani ya saa chache. Alichungulia, akasema haoni kitu. Kisha akauliza lile swali lao: kwa kipimo cha moja hadi kumi, yanauma kiasi gani?

Hapa lazima uwaelewe watu wangu.

Kwetu kipimo hicho kinaishia nne. Mjomba Aksel alikatwa vidole viwili na mashine ya kukata nyasi. Watu wa gari la wagonjwa walipomuuliza akasema mbili, halafu akaomba radhi kwa kuwachafulia viatu. Marehemu mama yangu, na saratani yake, alifika tano siku ya mwisho, na kanisani watu waliinong'ona ile tano kwa wiki nzima. Ukisikia mtu anasema sita, ujue ametoka mji mkuu, Kopenhagen.

Nikasema tatu.

Akaandika tatu. Akanipa marhamu ya kulainisha jicho nipake kabla ya kulala, akanitakia siku njema.

Nilipaka mpaka mto ukawa kama karatasi ya chapati. Machi likachanika. Aprili likachanika mara nne.

Nikapiga simu kliniki ya macho mjini. Anayepokea simu pale ni Gerda, mama mmoja wa parokia yetu, naye akaniuliza yanauma kiasi gani. Nikamwambia sitaki kusumbua watu, ni kama tatu hivi. Akanipa miadi ya tarehe kumi na moja Februari.

Tulikuwa Aprili, jamani. Nami nikasema asante.

Mwezi wa tano Egon akaniita ofisini. Si mtu mbaya, na sitaki umchukie. Aliniambia nimechelewa mara tisa. Ng'ombe hawasubiri, mkulima akishakamua na tangi limejaa, maziwa mapya hayana pa kwenda, na simu zote zinamwangukia yeye.

"Kuanzia tarehe moja Septemba utahamia kuosha matangi," akasema. "Ni kazi ya mchana. Utaamka saa yoyote unayotaka."

"Na lori langu?"

"Atapewa mwingine."

"Sihami."

"Solvej, sikuombi ruhusa."

"Na mimi sikuombi huruma. Sihami."

Nikatoka. Mlango niliufunga taratibu, maana kwetu hata hasira ina adabu zake. Lakini kwenye gari nililia kwa macho yote mawili, zima na bovu.

Hebu fikiria. Umeijua njia moja miaka kumi na tisa, unajua mbwa wa kila shamba, unajua jua linachomoza nyuma ya ghala gani mwezi gani. Halafu unaambiwa ukasimame ndani ya jengo lisilo na dirisha, ushike bomba la maji ya moto mpaka ustaafu. Kwa sababu ya kitu kisichoonekana hata kwenye kioo cha bafuni.

Nikamsimulia baba. Nilitarajia kejeli, na nilikuwa nimejiandaa nayo.

"Kubali, mwanangu," akasema. "Kuosha nako ni kazi. Ukikubali watu wataacha kuuliza maswali."

Nikamkata jicho, lile zima.

"Wewe ungekubali?"

Akainua kikombe, akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu, nilikiona.

Jumapili moja mchana nikaingia kwenye mtandao kusoma faili langu la matibabu. Kwetu kila mtu anaweza kusoma lake. Nikakuta mstari mmoja: mgonjwa anaeleza maumivu hafifu, tatu kwa kumi, hakuna haraka.

Damu ikanichemka. Nikatamani kwenda kumgongea yule daktari mlango akiwa na chakula chake cha Jumapili mdomoni.

Nikausoma tena. Mgonjwa anaeleza. Nani alieleza? Ni mimi. Daktari hakudanganya, Gerda hakudanganya. Katika hadithi hii nzima mwongo alikuwa mmoja, naye alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Tatu yangu ilikuwa inaninyang'anya lori. Siyo jicho. Tatu.

Siku ile nikajiapia: likichanika tena, sisubiri lipone ndipo nitafute watu. Nitawapelekea likiwa bichi.

Likachanika Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, na lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nilikaa sakafuni bafuni saa nne nzima na kitambaa chenye maji usoni, nikisubiri saa mbili asubuhi simu za kliniki zifunguliwe.

Gerda akapokea. Akauliza swali lake.

"Kumi," nikasema.

Nilisikia akiweka kikombe mezani.

"Samahani, umesema?"

"Kumi, Gerda. Na ukiniuliza tena nitasema kumi na moja."

"Wewe si Solvej wa Thorvald?"

"Ndiye mimi."

"Njoo sasa hivi."

Nilipogeuka baba alikuwa mlangoni, na nilimjua kwa pumzi tu, maana sikuweza kumwona. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kumi," akasema taratibu. "Mbele ya Gerda. Mpaka jioni parokia nzima itakuwa inajua."

"Wajue. Chukua funguo unipeleke."

Alichukua. Njiani aliendesha kilomita hamsini kwa saa na watu wakatupigia honi.

Daktari wa macho anaitwa Liselotte Brandt. Ndiyo, wa Kopenhagen. Mfupi, sauti kubwa, mtu wa kukuambia jambo usoni hata kama mlango uko wazi. Baba alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia juu ya goti, kama mtu aliyekuja kulipia maegesho tu.

Daktari akanidondoshea tone la ganzi, na ndani ya sekunde kumi dunia ikarudi. Sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kiasi kile. Kisha akaweka tone la rangi ya njano, akawasha taa ya bluu, akachungulia kwenye mashine yake.

"Haya," akasema. "Limechanika. Na lilishachanika sana kabla ya leo. Kwa nini umekaa miezi minne?"

Nikamsimulia habari ya mti wa Krismasi, na kwamba kila nilipoulizwa nilisema tatu.

"Tatu ya nini? Sehemu hiyo ina mishipa mingi ya maumivu kuliko karibu mahali pengine popote mwilini. Wanaume wazima hutapika kwenye kiti hicho."

Nilijisikia vizuri kusikia hivyo, siwezi kukuficha.

Akanieleza kwa lugha ya kawaida. Juu ya jicho kuna ngozi nyembamba sana, angavu kama kioo. Ya kwangu imebandikwa kwa gundi dhaifu. Ukilala jicho linakauka, kope linagandana na ile ngozi. Asubuhi unafumbua, kope linaondoka na kipande. Kinaota kingine juu juu, hakishiki, na kesho yake kinang'oka tena.

"Nini kinachoponya?" nikauliza.

Akavuta kiti. Akasema wengi hupona kwa marhamu yenye chumvi, inayopakwa kila usiku kwa miezi, hata baada ya maumivu kuisha. Chumvi hunyonya maji yaliyo chini ya ngozi ili ishike. Huwezi kuacha kwa sababu wiki mbili zimepita bila kuuma. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wengine huvishwa lenzi laini mchana na usiku kwa wiki kadhaa, pamoja na matone ya kuzuia vijidudu, kope linateleza juu ya lenzi na ngozi inapata nafasi ya kujishika. Kuna vidonge pia, dozi ndogo, vya kutuliza kile kinachokula gundi.

Vyote hivyo vikishindwa, yupo yeye na kifaa chake: anaitoa ngozi yote iliyolegea, anasugua tabaka lililo chini yake kwa kichwa kidogo chenye vumbi la almasi, ngozi mpya iote juu ya kitu kinachoshika. Au leza, kwenye hospitali kubwa. Kwa watu wengine huchoma vitundu vidogo kwa sindano, lakini kidonda changu kilikuwa karibu kabisa na katikati ya kuona, na pale hagusi mtu na sindano.

"Nataka kusuguliwa," nikasema. "Leo."

"Hapana."

"Nina hadi tarehe moja Septemba. Nisipopona napoteza lori."

"Nami nina jicho la kulinda. Tunapanda ngazi, moja baada ya nyingine."

"Ngazi yako ya kwanza ni marhamu. Nimepaka marhamu miezi minne."

"Hukupaka ya chumvi, na hukuvaa lenzi. Anza na hizo. Lakini sikuachi mpaka Februari. Nitakuona hapa kila wiki mbili."

"Na likichanika lenzi ikiwemo?"

Akanitazama. Nikamtazama. Sikuwa na nia ya kupepesa, na nilikuwa na ganzi, kwa hiyo ningeweza kukaa vile mpaka chakula cha mchana.

"Likichanika hata mara moja," akasema, "nasugua kabla ya Septemba."

Tukapeana mikono, akanivisha lenzi.

Nilidhani tumemaliza. Akasema ngoja nilitazame na la kushoto, ili faili likamilike. Akachungulia. Akarekebisha mashine, akachungulia tena.

"Hili nalo lilichapwa na mti?"

"Hapana. Hili halijawahi kuuma."

"Lina mistari ile ile. Kama ramani ya barabara za kijijini." Akazima taa. "Solvej, mti ulianzisha tu. Gundi hiyo dhaifu umezaliwa nayo. Kuna watu hurithi. Nani katika familia yako anasumbuliwa na macho asubuhi?"

"Hakuna," nikasema, bila hata kufikiri.

Daktari aligeuza kiti kumwelekea baba.

"Na wewe, Thorvald?"

"Mimi ni dereva tu," akasema baba.

"Njoo uweke kidevu hapa."

"Sina haja nayo."

Kofia ilikuwa inazunguka kwenye vidole vyake. Baba yangu ana mikono isiyotetemeka hata akiwa amemshika ndama anayezaliwa vibaya. Nikaiangalia ile kofia.

"Baba," nikasema. "Weka kidevu."

Sijawahi kumwamuru baba yangu kitu maishani. Aliinuka. Akaweka kidevu.

Daktari alichungulia muda mrefu, jicho moja, kisha la pili.

"Yamechanika mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa jeshini."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari kama mgonjwa, wakati mwenye lenzi jichoni nilikuwa mimi. Alikaa nyuma ya usukani, hakuwasha.

"Nilikuwa nakusikia," akasema.

"Nini?"

"Kupitia ukuta. Kila mara."

Akaendelea kuongea akiutazama usukani. Alisema yeye hafumbui macho mpaka amekaa nusu saa kitandani, anayazungusha taratibu chini ya kope, kisha anaweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Alijifundisha mwenyewe. Marehemu mama alijua? Alijua anapenda kuchelewa kitandani, basi.

"Kwa hiyo ulijua la kufanya," nikasema. "Mimi nagaragara sakafuni, wewe uko ng'ambo ya ukuta, unajua la kufanya."

"Ningekuambia nini?"

"Hilo hilo ulilosema sasa hivi."

Upepo ulikuwa unalitikisa gari. Nikadhani hapo ndipo mwisho, kwamba hakuna kibaya zaidi kilichobaki mfukoni mwake. Kumbe bado.

Ngoja nikueleze kitu kimoja. Familia yetu ilikuwa na ng'ombe wa maziwa, hamsini na wawili. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, baba aliwauza wote kwa siku moja. Alituambia bei ya maziwa imeanguka, na sote tukaamini, maana siku zile kila mtu alikuwa analia bei. Mimi ndiye niliyetaka kulirithi lile zizi. Nilikuwa nimeshajiandikisha shule ya kilimo. Nilisimama uani nikayaangalia malori yakiwabeba, kisha nikaenda kujifunza kuendesha lori, kwa kuwa maziwa ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakijua.

"Bei haikuwa mbaya," akasema baba. "Ilinilazimu kukamua saa kumi na moja, na sikuweza kufumbua macho. Miaka miwili ya mwisho nilikamua kwa kupapasa. Nikaona aibu kumwambia mtu."

Sitakudanganya kwamba nilimkumbatia. Nilishuka kwenye gari nikatembea kulizunguka lile eneo la maegesho mara tatu, kwenye upepo, jicho linatiririka chini ya lenzi. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata kwa Egon. Zizi langu. Ng'ombe wangu. Miaka kumi na tisa navuta maziwa ya watu wengine kwa mpira, na yeye ananiambia kubali, mwanangu, watu wataacha kuuliza.

Nikarudi, nikafungua mlango wa upande wake.

"Shuka. Tunarudi ndani."

"Kufanya nini?"

"Kukuandikisha."

"Nina miaka sabini na sita, Solvej. Nimebakiza asubuhi ngapi?"

"Hata ikiwa moja. Shuka."

Akashuka. Gerda alipomuuliza yanauma kiasi gani, alinitazama mimi kwanza. Sikumsaidia. Alifungua mdomo, akaufunga, kisha akasema nane, kwa sauti ya mtu anayeungama. Gerda akaandika bila kuinua uso, Mungu ambariki.

Mimi lenzi ilinishika wiki sita. Nilianza kujigamba nimepona. Mwisho wa mwezi wa saba likachanika, lenzi ikiwemo.

Nikampigia daktari. Sikuhitaji kumkumbusha ahadi yake, wala hakubishana. Tarehe sita Agosti alinilaza, akanitia ganzi, akasugua. Ni dakika kumi tu. Kifaa kinavuma kama cha daktari wa meno, unaona mwanga unatembeatembea, husikii maumivu. Yanakuja baadaye, ganzi ikiisha. Siku nne mbaya sana. Kila aliyeniuliza nilimwambia tisa, hata mchungaji aliyeleta keki.

Kisha ngozi mpya ikaota. Ikashika.

Tarehe moja Septemba, saa kumi alfajiri, nilikuwa uani mwa kampuni. Egon alikuwepo, ameshika ovaroli la kuoshea matangi, saizi yangu.

"Tulikubaliana, Solvej."

"Ulikubaliana peke yako."

Nikampa barua ya daktari: jicho linaona, dereva anafaa kuendesha. Aliisoma chini ya taa, mbele na nyuma, kana kwamba nyuma kuna kitu. Nikapita pembeni yake, nikapanda, nikawasha.

Alisimama mbele ya lori kidogo. Halafu akasogea.

"Nakupa wiki mbili," akasema dirishani.

"Hesabu."

Mwaka umepita. Alishaacha kuhesabu. Bado napaka ile marhamu ya chumvi kila usiku, na siamki kwa pupa. Nikisikia saa, nakaa kwanza na macho yaliyofungwa, nayazungusha, naweka tone, ndipo nafumbua. Hilo la kuzungusha nililipata kwa baba, na daktari akasema ni sahihi kabisa.

Na baba naye alianzishiwa chumvi na matone. Hakuhitaji hata kusuguliwa. Sikiliza vizuri hapo: kitu kilichomtoa kwenye zizi lake kilitulizwa na kichupa kinachoingia kwenye mfuko wa shati.

Oktoba alfajiri moja nilimkuta uani, amevaa kofia, macho yote mawili wazi. Akauliza kama kuna nafasi kwenye lori. Kwenye shamba la nne akashuka, akamwomba mwenye shamba ruhusa ya kuingia zizini. Nilipomaliza kuvuta maziwa nikamfuata. Wakati wa kukamua. Mzee amesimama katikati ya ng'ombe wa watu chini ya taa kali, mkono juu ya mgongo wa mmoja, anaangalia tu.

Nilishindwa kumsamehe palepale, na nilishindwa kuendelea kumkasirikia. Nilimpa dakika zake, na shamba la tano likasubiri.

Sasa wewe unayesoma huku umekunja uso, unajiambia si kitu, kitapita. Nenda wakati kinauma, siyo kikishapoa. Ukiulizwa kinauma kiasi gani, taja namba yako yenyewe, hata Gerda wa kwenu akidondosha kikombe. Ukipewa dawa ikashindwa, uliza inayofuata ni ipi, na usitoke kwenye kiti mpaka uambiwe.

Baba yangu alitoa ng'ombe hamsini na wawili, na ndoto ya binti yake juu, ili aonekane mgumu. Na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumsifu kwa ugumu huo, maana hakuna aliyejua.